Janessa Mlangoni

"Mtoe," Arnetta Womack alisema. "Mtoe hapo mlangoni kabla sijamtoa mwenyewe."

Cleotis, mlinzi wa idara ya afya ya kaunti, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kulisimamisha bango. Alijifuta mikono kwenye suruali.

"Bi Arnetta, asubuhi yote hii? Hata kahawa sijanywa. Wewe kama una ugomvi, panda ghorofani ukagombane na wenye viti vya ngozi."

Bango lilimzidi Cleotis urefu, na Cleotis si mfupi. Lilikuwa na mwanamke kijana, mweusi, tumbo limemtangulia, anacheka mpaka fizi zinaonekana. Chini yake, kwa herufi za buluu: TUNAWAONA. TUNAWASIKIA.

"Kwani humjui?" Arnetta akauliza. "Mtazame vizuri."

"Mtoto mzuri tu."

"Janessa huyo. Wa dada yangu Rozelle."

Cleotis akavua kofia. "Yule mliyemzika mwaka jana? Yesu wangu."

Picha ilipigwa humu humu, siku ya darasa la wajawazito. Arnetta ndiye aliyempeleka, akampaka mafuta midomoni na kumwambia acheke. Janessa alijifungua salama. Wiki ya pili akarudi hospitali akisema kichwa kinampasua, macho yanaona giza. Wakamwambia anywe maji, akalale. Akarudi tena. Safari hiyo nesi akamuuliza kama anatafuta vidonge vya kulewea. Mara ya tatu hakwenda kwa miguu yake.

Arnetta, ambaye kazi yake ni mapokezi humu humu, aliomba ruhusa ya kuzika, akanyimwa. Kwao, mtoto wa dada anakula kwako, analala kwako, unamsuka na kumchapa, na hakuna anayeuliza nani alimzaa. Kwa kaunti, mpwa si ndugu wa karibu. Walizika Jumamosi, Jumatatu Arnetta akawa dirishani kwake mapokezi, anapanga watu foleni ya chanjo na kuwaambia karibu.

Si hilo tu. Ghorofa ya pili kuna kamati inayochunguza vifo vya akina mama. Siku moja walimjadili mama mweusi asiyetajwa jina, kichwa, macho, maji, vidonge, na aliyewapelekea kahawa siku hiyo ni Arnetta. Aliiweka sinia mezani bila kumwaga hata tone, kisha akaenda chooni akauma mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo jengo hili lilikuwa na kifo cha Janessa juu, na kicheko chake chini, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyevikutanisha.

Na leo Rozelle anakuja. Anamleta Micah, mtoto wa marehemu, kuchanjwa. Angeingia kwa mlango huo huo.

Arnetta akapanda ngazi, lifti aliiona inachelewa.

Dokta Brubaker, mkurugenzi, alikuwa mbele ya kioo anajifunga skafu ya rangi zote za dunia. Leo ndiyo siku ya kuzindua mpango wa usawa wa matibabu kwa watu wa rangi zote. Wageni wa jimbo wanakuja, na wapiga picha.

"Arnetta! Umependeza. Utakaa mbele kwenye picha, sawa?"

"Lile bango la mlangoni, Daktari. Litolewe."

"Lakini kamati ya uzinduzi imelipitisha. Watu walipiga kura! Ile ndiyo picha iliyokuwa na matumaini kuliko zote."

"Matumaini yenu yameshakufa."

"Samahani?"

"Huyo msichana. Alikufa baada ya kujifungua. Ni mtoto wangu."

Mkurugenzi akakaa. Rangi ikamtoka usoni, akawa mweupe zaidi ya weupe wake. "Mungu wangu. Kwa nini hukutuambia?"

Hapo ndipo hasira, iliyokuwa imelala mwaka mzima kama mbwa mzee, ikanyanyuka na meno yote.

"Sikuwaambia? Nilikuja kwenye meza hii hii kuomba ruhusa ya kumzika. Ukaniambia kanuni hairuhusu, ukanipa karatasi ya kufutia machozi."

"Ule ulikuwa utaratibu, Arnetta. Haikuwa mimi."

"Sasa alikuwa nani, Daktari? Maana chumbani tulikuwa wawili."

Mkurugenzi akatazama saa, akasimama. "Tulitoe. Haraka, kimyakimya, kabla waandishi hawajafika. Twende."

Arnetta akamfuata. Alikuwa amekipata alichokitaka, na mdomoni kilikuwa kichungu. Wawili hao sasa walikuwa wanakimbilia kumficha mtu yule yule.

Walichelewa. Rozelle alikuwa ameshafika. Huyu ni mtu ambaye kanisani hufika kabla ya mchungaji. Alisimama mbele ya bango, Micah kiunoni, na ukumbi mzima unamtazama. Mtoto alikuwa ananyoosha kidole kwenye yale meno meupe na kucheka naye.

"Mama, pole sana," mkurugenzi akasema, mkono tayari uko juu ya bango. "Tunalitoa sasa hivi."

"Usimguse."

"Mimi ni..."

"Nimeshakujua wewe ni nani. Hospitali walimwambia aende nyumbani, mara mbili. Na wewe leo unamwambia aende?"

Mkono ukashuka.

"Rozelle," Arnetta akasema kwa sauti ya chini, "nilikuwa sitaki umwone hivi."

"Hivi vipi, Neta? Anacheka. Ulitaka ukamfiche wapi, stoo?" Akamhamishia Micah kiuno cha pili. "Walitaka wageni waone mweusi anayecheka. Wamwone. Halafu watuone na sisi, tusiocheka. Akiuliza mtu huyu nani, mimi nipo hapa, nitamwambia."

Nje magari meusi yalikuwa yanaingia moja baada ya jingine.

"Arnetta, tafadhali," mkurugenzi akanong'ona. "Zungumza na dada yako. Halafu dirishani kwako kuna foleni."

Arnetta akaitazama foleni, nayo foleni ikamtazama. Mzee mmoja mwenye mkongojo akavuta kiti akakaa.

"Sisi hatuna haraka, mama," akasema.

Arnetta akaenda kusimama upande wa pili wa bango. Cleotis akamtazama mkurugenzi, akawatazama dada wawili, akavaa kofia yake na kuinyoosha. Kisha akaufungua mlango, pande zote mbili, mpaka mwisho.

Upepo wa Machi ukaingia kabla ya wageni. Bango likayumba, likataka kwenda. Rozelle akalishika ukingo kwa mkono uliobaki, kama mtu anayemshika mtoto nguo asije akakimbilia barabarani.