Vikombe Tisa vya Mahbuba

Mahbuba alifika kwa Mazoon, mtaa wa Mawaleh huko Oman, saa nne ya asubuhi, na jibu lake la hapana alikuja nalo kutoka nyumbani. Mazoon, msichana mtengeneza filamu ambaye hata thelathini hajafika, alikuwa amekigeuza kitabu chake cha watoto kuwa filamu ya saa nzima, na haikuwezekana kuonyeshwa popote mpaka mwandishi atie saini. Mahbuba hakuwa na nia ya kutia. Angetazama kwa adabu, angesifu mavazi, kisha angekataa.

Alipoingia sebuleni akamkuta dada yake Kheiria ameshajaa kwenye kochi la mbele, kavua viatu, anakula halua.

"Mazoon kanialika," Kheiria alisema. "Wewe hukunambia hata neno."

Mahbuba akaketi kwenye kochi la nyuma yake.

Kitabu chenyewe kilikuwa habari za Sabah, mtoto aliyepoteza kipuli cha dhahabu cha binamu yake, asiweze kusema. Kurasa arubaini nzima hakuna kinachotokea. Sabah anagombana na nafsi yake tu, nusu inamwambia sema, nusu inamwambia nyamaza. Watoto walikipenda, na Kheiria alikisoma mara mbili akalia mara mbili. Asichokijua ni kwamba hapakuwa na kipuli. Palikuwa na barua, na huyo binamu alikuwa ni Kheiria mwenyewe.

Wakati huo Mahbuba alikuwa na miaka kumi. Walikuwa hawajatimiza mwaka tangu watoke Unguja kuja Oman, mama yao keshakufa, na Kheiria, wa miaka ishirini, ndiye aliyekuwa akimpikia, akimsuka na kumlaza. Ikaja barua ya kumkubali Kheiria akasome uuguzi Kuwait. Mahbuba aliipokea mlangoni, akaifungua, akaelewa kiasi cha kuogopa, akaichanachana na kuifukia nyuma ya nyumba. Kheiria hakwenda. Akawa karani wizarani mpaka akastaafu. Miaka arubaini na minane Mahbuba alitafuta namna ya kukiri bila ya kukiri, na kitabu ndiyo namna aliyoipata. Ndani ya kitabu aliweza kujificha. Kwenye filamu hakuwa na hakika, na leo dada yake alikuwa amekaa mbele kabisa.

"Khalti," Mazoon alimwita kwa heshima, kama mama yake mdogo, akifunga mapazia, "ugomvi wa Sabah wote umo ndani. Na kamera yangu haiingii moyoni mwa mtu. Ilibidi nitafute pahala pa kuutolea nje."

"Umemtilia majambazi?"

"La. Tazama kwanza."

Nusu saa ya mwanzo Mahbuba aliwinda makosa, na kwa uwindaji wote ule alipata moja tu, viatu vya Sabah vipya mno. Kisha Sabah akaenda kwa binamu yake kusema ukweli.

Binamu amesimama na dele la kahawa, anamimina. Ada ya Oman inajulikana: aliyetosheka hutikisa kikombe, na asiyetikisa huongezewa. Kitabuni mambo hayo yalikuwa mstari mmoja, kwamba Sabah alikunywa mpaka dele likakauka. Mazoon alikuwa ameufanya mstari ule dakika sita. Sabah anakunywa, mkono unaanza kutikisa kikombe, unasita. Akitikisa, binamu ataondoka na dele lake na neno litabaki kooni. Akinyoosha kikombe, kapata muda kidogo tena. Basi ananyoosha. Hakuna muziki, hakuna anayesema kitu. Kikombe cha nne mdomo unafunguka na kufungika, cha saba macho yamejaa machozi, na mkono bado unaanza na kusita, unaanza na kusita.

Mahbuba akasahau makosa. Yeye alihitaji kurasa arubaini kwa jambo ambalo msichana huyu kalisema kwa mkono wa mtoto, tena kalisema vizuri zaidi. Wala hakuona wivu. Alijaa fahari, akatamani kumbusu Mazoon kwenye paji la uso.

Hapo Kheiria akaweka chini sahani ya halua.

Katika ukoo wao kulikuwa na kisa kinachosimuliwa kila Idi, cha siku Mahbuba alipokunywa vikombe tisa vya kahawa kwa kuwa mtoto wa Unguja hakujua kutikisa. Aliyekuwa akimimina siku hiyo ni Kheiria, na hakuna aliyekisimulia kisa kile kwa mbwembwe kumshinda. Kila mwaka watu walicheka, na Mahbuba akacheka nao.

"Simamisha hapo, mwanangu," Kheiria alisema. Picha ikasimama kwenye mkono wa mtoto. Akamgeukia mdogo wake. "Ulikuwa unajua kutikisa."

Bado angeweza kusema uongo, na ungekubalika. "Nlikuwa nnajua, dada."

"Basi ulitaka kunambia nini?"

Mazoon, aliyelelewa vizuri, alikumbuka ana kazi jikoni. Mahbuba akasema yote, barua, Kuwait, mchanga wa nyuma ya nyumba. Alishangaa jinsi maneno yenyewe yalivyokuwa machache. Kisha akangoja kutukanwa.

Kheiria alifuta vidole vyake vya halua, kimoja kimoja.

"Mie nlikwenda kuuliza," alisema mwisho. "Wakanambia barua ishapelekwa nyumbani zamani. Nikajua ni Baba."

"Baba?"

"Si alisema msichana haendi nchi ya watu peke yake? Nikajua ndiye aliyeificha. Sikumuuliza. Nlimpikia, nlimuuguza mpaka akafa, lakini moyo wangu nlimfungia. Akinitazama, maskini, hajui kakosa nini."

Katika kurasa zake zote Mahbuba alikuwa amepima kila pembe ya hofu ya mtoto mmoja, na hakumfikiria baba yao hata mstari mmoja. Akalia kwa sauti, mwanamke wa miaka hamsini na minane. Kheiria hakumkumbatia, wala hakumsukuma.

"Wewe ntakugombeza kesho," alisema akiinuka. "Leo nna mtu mwengine."

Akamwita Mazoon, akamuuliza pa kutawadhia na kibla kiko upande gani. Alipokuwa akitawadha, Mahbuba aliivuta karatasi ya idhini ya filamu iliyokuwa mezani, akatia saini, akamwambia Mazoon asikate hata dakika moja.

Kheiria akasali rakaa mbili pale pale sebuleni, taratibu, kama mtu aliyechelewa na anajua kachelewa. Alipomaliza aliinua mikono akamwombea baba yao kwa jina lake kamili, dua ndefu. Kisha akaiteremsha mikono, na Mahbuba, aliyekaa nyuma yake, akamsikia akisema polepole, "Nisamehe, Baba. Nlikudhania bure."