Karatasi Ilisema Usizime

Uvumi niliupata kwa msusi, nimeinamisha kichwa na nusu ya nywele imeshasukwa. Alisema kuna kirusi kinaingia kwenye kompyuta za nyumbani, kinazifanya zizubae, kisha kinakula maandishi yote, na siku yake ni Jumatano. "Shemeji kimemlia kila kitu, hata picha za harusi." Nikauliza shemeji yupi. Akasema wa rafiki yake. Ningetilia shaka hapohapo, lakini neno likishamwingia mama mwenye hofu halitoki hata kwa sabuni.

Hofu yangu ilikuwa na sababu. Kitinda mimba wangu anasomea ukunga, na nyumbani tunamwita Mkunga kabla hata hajahitimu. Utafiti wake wa mwisho, mahojiano na wanawake thelathini waliojifungua, ulikuwa kwenye kompyuta yetu ya mezani pale sebuleni. Chuo kiliutaka Ijumaa saa sita mchana. Asipoufikisha, anarudia mwaka.

Wiki tatu kabla ya hapo fundi wetu, tunayemwita Polepole kwa kuwa hajawahi kuharakishwa na mtu, alikuja kuipiga kompyuta "picha nzima". Siyo picha ya kutazama. Alichomeka diski ya nje, na kila kilichokuwa ndani kikanakiliwa humo kama kilivyo: programu, mafaili, mipangilio. "Ikiugua," alisema, "tunairudisha ilivyokuwa leo." Akatuachia flashi ya kuiwashia na karatasi yenye hatua saba. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Hatua ya mwisho aliipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu: USIZIME MPAKA IMALIZE.

Jumatano asubuhi Mkunga akaenda zamu hospitalini. Nikawasha kompyuta nione kama iko salama. Ikazubaa. Kikatokea kidirisha cha buluu chenye maneno nisiyoyaelewa na kiduara kinachozunguka. Nikajisemea, ndicho hicho. Sikumpigia mtu simu. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaamua kuuziba mwenyewe.

Nikachomeka diski na flashi, nikafuata karatasi kidole juu ya mstari kama mtoto wa chekechea. Hatua ya sita: chagua Rudisha, bonyeza Ndiyo. Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia moja. Mbili. Nikajiona daktari.

Ilipofika tisa, Mkunga akapiga simu kuuliza kama amesahau kitambulisho mezani.

"Kipo. Na usijali, kompyuta nimeiokoa. Nairudisha kwa ile diski ya fundi."

Nikasikia kitoroli kikipita huko kwake.

"Mama, ile picha ni ya lini?"

"Ya siku ile aliyokuja."

"Wiki tatu zilizopita." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, sura ya nne na ya tano nimeziandika baada ya hapo. Mahojiano yote nimeyaingiza baada ya hapo. Unairudisha siku ambayo kazi yangu haikuwepo, na unaandika juu yake."

"Si una nakala kwingine?"

"Sina."

Akakata. Kabla sijakaa, simu ikaita tena. Polepole, Mkunga ameshampigia. Na siku hiyo hakuwa polepole.

"Mama, imefika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zima. Kitufe cha kuwashia, kishikilie, hesabu mpaka kumi."

"Karatasi yako inasema nisizime."

"Najua inasemaje, niliiandika mimi."

"Nikizima si itakufa kabisa?"

"Haitawaka, ndiyo. Iache ife. Karatasi niliiandikia siku ambayo hakuna cha kupoteza. Sasa hivi kila namba inayoongezeka inafunika kitu cha mwanao. Imefika ngapi?"

Kumi na tatu. Kidole kilikuwa kwenye kitufe na hakibonyezi. Ile mistari miwili myekundu ilinishika kuliko sauti ya mtu aliyeichora. Je, akikosea yeye? Tukose vyote viwili? Kumi na nne. Kumi na sita.

"Mama, nakuomba."

Nikabonyeza. Nikahesabu kwa sauti, naye akahesabu pamoja nami. Kwenye saba kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza.

"Usiiwashe tena, hata kwa kuchungulia tu. Nakuja."

Saa nzima nilikaa mbele ya kioo cheusi nimeikalia mikono yangu, maana ilitaka kuwasha.

Fundi aliichomoa diski ya ndani, akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe ili isiandikwe kitu kingine juu yake, akaiacha programu itafute. Mkunga alifika na sare mwilini. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua.

"Mzazi anaendeleaje?" Mkunga alimuuliza fundi kwa lugha ya wodini, akiionyesha diski.

"Tunasubiri mtoto alie."

Saa kumi jioni sura ya nne ikapatikana nzima. Mahojiano yakapatikana kumi na tisa. Sura ya tano ilifunguka ikiwa vimraba vitupu kutoka juu mpaka chini.

"Na kirusi?" nikauliza.

"Hakuna kirusi, mama. Ilikuwa inajisasisha. Ungeiacha dakika ishirini ingemaliza." Kisha akamgeukia Mkunga. "Na wewe nilikwambia piga picha mpya kila Jumapili. Ulipiga?"

Mkunga akatikisa kichwa, akaenda kuleta daftari lake.

Mahojiano kumi na moja yalikuwa yamebaki kwenye daftari tu, kwa mwandiko wake wa haraka haraka, bila majina ya wanawake, namba tupu. Fundi akatuachia kompyuta yake. Alhamisi kutwa mimi nilisoma kwa sauti, Mkunga akachapa. Nilipokwama kwenye neno la kitabibu nililitamka herufi moja moja. Sura ya tano aliiandika upya kutoka kichwani, nami nikakaa pembeni nisimguse hata kwa chai.

Ijumaa saa tano na dakika arobaini akaituma kazi chuoni.

"Ndiyo ileile?" nikauliza.

"Hapana, mama. Ile ilikuwa nzuri zaidi." Akafunga daftari. "Lakini hii ipo."

Majibu bado hayajatoka. Jumamosi fundi alirudisha ile picha ya zamani kwenye diski mpya, akaingiza kazi ya Mkunga, akapiga picha nyingine. Kwenye karatasi akaongeza hatua moja juu ya zote, kwa kalamu nyekundu: Piga simu kwanza.

Kina mama wenzangu, epukeni haya:

Usirudishe picha ya kompyuta kabla hujajua ni ya tarehe gani na nini kimeandikwa baada yake.

Usirudishe kompyuta nzima kwa ajili ya kidirisha kimoja usichokielewa.

Usikubali kazi ya mtoto ikae mahali pamoja tu.

Usikae na picha iliyochakaa ukidhani una kinga.

Ukishagundua umefuta cha mtu, usiendelee, na ukizima usiwashe.

Usibishane na fundi huku namba zinapanda.

Na habari za kompyuta usizipokee ukiwa unasukwa.