Kilichosikika Ofisi ya Kompyuta

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwita Shangazi, kwa jinsi alivyowadodosa kwa upole, kama anayetaka kujua wamekula nini. Kazi yake pale chuoni ilikuwa kuwahoji wageni hao juu ya kompyuta na mtandao wa chuo: wanaunganishwaje, wanakwama wapi, nani anawasaidia. Mkuu wa ofisi ya kompyuta ndiye aliyemwomba afanye utafiti huo.

Majibu mengi yalimchekesha. "Mtandao wa hapa ni kama mjomba wangu," alisema mmoja. "Ukimhitaji, hapatikani."

Kisha akaingia binti wa uuguzi. Alizima simu kabla hata ya kuketi.

"Mbona unaizima, mwanangu?"

"Naiogopa, Shangazi." Akashusha sauti. Siku ya kuripoti alishindwa kujiunganisha, mtu wa ofisi ya kompyuta akaichukua simu yake, akamwekea kila kitu, hata nywila akamchagulia. Tangu hapo ujumbe ulikuwa ukiingia kutoka namba asiyoijua. *Leo umechelewa kutoka maktaba. Usimwambie tena mama yako kwamba unataka kuacha chuo.* "Na hayo ya kuacha chuo nilimwandikia mama peke yake."

"Aliyekuunganisha ni nani?"

"Sikumtazama vizuri. Tulikuwa wengi, na alikuwa mpole tu."

Shangazi aliyarekodi mazungumzo yale kwenye kompyuta aliyopewa na mkuu, kama alivyofanya kwa mengine yote, kisha akaenda moja kwa moja kumweleza mkuu. Mkuu alimvutia kiti, akammiminia chai. Kabla mgeni wake hajafungua kinywa, akasema taratibu:

"Yule binti wa uuguzi amekuchosha, eti? Watoto hawa wana mambo. Maneno yake yafute tu."

Shangazi akakiweka kikombe chini. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Nitayafuta," alijibu, akainuka.

Nje alipiga moyo konde, akakaza mwendo kuelekea bwenini. Simu ikatikisika mkobani. *Ofisi yako iko upande wa pili, Shangazi.* Hakuufuta. Alimshika binti mkono, wakaenda kwa mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mkali asiye na muda wa porojo. Mlezi akasoma ujumbe wa simu zote mbili, akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Tunakwenda polisi," alinong'ona. "Kwa miguu. Na hakuna kumpigia mtu simu njiani."

Mkuu alikamatwa akiwa mezani kwake. Wanasema hata hakuuliza kosa lake. Binti alirudi kwao, hakurejea tena chuoni.

Baadaye afisa wa upelelezi alimwita Shangazi, akamkalisha.

"Mama, yale uliyorekodi, na picha alizochota kwenye simu za wale watoto, mkuu alikuwa akimtumia mtu mwingine. Hatujui ni nani." Akatazama dirishani. "Tunachojua ni kwamba hata leo asubuhi, mkuu akiwa mahabusu, zimefunguliwa."