Kuonja Langoni

Kila Jumapili, misa ikiisha, wanawake wa mtaa wa Kamalondo walipanga mstari mbele ya lango la gereza, wamebeba sufuria zilizofungwa kwa vitambaa. Mwaka huo wa 1934 mstari ulifika hadi kwenye mikalitusi, maana Élisabethville, mji wa migodi wa Kongo ya Wabelgiji, ilikuwa imeishiwa kazi lakini haikuishiwa sababu za kumfunga mtu. Constance alisimama katikati, mtoto wake Albertine mgongoni, sufuria kichwani. Ndani yake mlikuwa na bukari, ndio ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa karanga na kipande cha samaki mkavu.

Mumewe, Donat, alifungwa kwa kosa la kumzika mama yake. Habari za msiba zilitoka Kabalo, naye akapanda treni bila kumwomba ruhusa Mzungu mwenye tanuri la matofali aliyemwajiri. Aliporudi, polisi walikuwa wakimngoja: amevunja mkataba. Mzungu huyohuyo alikuwa amekwenda Ulaya mwaka uliotangulia kumzika mama yake, akakaa huko hadi mvua zikaisha, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Sheria ya langoni ilikuwa moja. Aliyeleta chakula alitakiwa akionje kwanza mbele ya askari, maana Bulamatari, ndivyo watu walivyoiita serikali, aliogopa sumu. Alitaka wafungwa wake wafe kwa mambo aliyoyachagua mwenyewe.

Kwa Constance na watu wake wa kaskazini, hiyo ilikuwa aibu. Tangu usichana alifundishwa kwamba bukari ya bwana humegwa na bwana. Mke akiimega kabla yake, amekula mahali pake.

"Onja, mama," alisema askari Bwalya.

"Baba, hii njo ya bwana yangu. Haiko ya miye."

"Onja. Kama hapana, rudisha kwako."

Constance akamega tonge, akachovya, akameza. Bwalya akaichukua sufuria, na askari wakala chakula nyuma ya ukuta kama walivyofanya kila Jumapili.

Wiki iliyofuata Donat alimsemesha kupitia waya. Mgongo wake ulikuwa na alama mpya za fimbo, kwa hiyo alisimama wima sana.

"Mama Albertine, ile sombe ulitia chumvi mingi."

"Balikupatia?"

"Hapana. Balikula bao benyewe. Lakini miye nilisikia tumbo inapokea."

Constance akatikisa kichwa kukubali. Mama yake alimwambia tangu zamani kwamba ukila mahali pa mtu, anashiba yeye, na mama yake hakuwa mwongo. Alikumbuka pia kwamba tonge lile halikumfikia tumboni. Alirudi nyumbani na njaa ileile aliyotoka nayo.

Siku hiyo alipoambiwa aonje, alikaa chini, akaiweka sufuria katikati ya miguu, akaanza kula.

"Nilisema uonje," Bwalya alisema.

"Niko naonja."

"Weye unamaliza yote."

"Sheria ilisema onja, baba. Haikusema kiasi gani."

Bwalya alitazama chakula chake cha mchana kikiisha. Wanawake walio nyuma waliona, nao wakakaa chini. Hata wake wa Kibemba, waliosema desturi hiyo si yao, walijaribu, ikawakubali. Kule ndani wanaume walijishika matumbo, mmoja baada ya mwingine, wakacheua. Askari walishinda njaa, na hilo lilikuwa jambo zuri.

Lakini unga wa nyumbani ulikuwa wa chungu kimoja, nao Constance aliuweka kwa ajili ya Jumapili. Constance alikula akaenda zake tumbo tupu, na njiani ilimbidi ashike kuta za nyumba za watu. Maziwa yakaanza kupungua. Albertine, ambaye hakuwa ameota jino, alinyonya akaachia, akanyonya akaachia, kisha akalia kwa sauti nyembamba. Laurentine, mdogo wake Constance, alimkorogea uji mwepesi, na mtoto akautema.

Mkurugenzi wa gereza, Bwana Adrien, aligundua kwamba wafungwa wananenepa. Alijua posho yake haiwezi kumnenepesha hata kuku, kwa kuwa nusu ya unga ule alikuwa akiuuza mjini yeye mwenyewe. Akahitimisha kwamba kuna mwizi. Donat ndiye aliyekuwa na mashavu kuliko wote, kwa hiyo Donat akawa mwizi. Alichapwa fimbo na kuongezewa kifungo hadi mwisho wa kiangazi kingine.

Hapo Constance akafanya kosa ambalo mtu mwema hulifanya. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda kumweleza Mzungu wa gereza ukweli.

Bwana Adrien alimsikiliza bila kumkatiza. "Unakula weye, anashiba yee?"

"Ndiyo, bwana. Hakuiba kitu."

"Na weye?"

"Miye sipati."

Mkurugenzi akaagiza ndizi. Constance akaila palepale langoni, na Donat, aliyekuwa amefungiwa upande wa pili wa ua, alipoulizwa alijibu kwamba ni ndizi, tena imeiva kupita kiasi.

"Bon, vizuri," alisema Bwana Adrien.

Kesho yake posho ya wafungwa ikafutwa. Wake waliamriwa kuja kula langoni kila siku, adhuhuri, kwa chakula chao wenyewe. Jiko la gereza likageuzwa ghala la saruji. Wakubwa walimsifu Bwana Adrien kwa kubana matumizi. Kifungo cha wizi cha Donat hakikuondolewa, kwa maelezo kwamba kesi ilikwisha kukatwa. Kila mtu katika ofisi ile alijua kwamba hakuiba, na wakaenda kunywa kahawa. Watu wa namna hiyo hawafai hata kupewa maji ya kunawa.

Constance alikuja kila siku hadi maziwa yakakauka kabisa. Donat alimwona mtoto kupitia waya.

"Usikuye tena," alisema. "Kula kwako. Mutoto anyonye."

"Na weye, Baba Albertine?"

"Miye nitaona."

Kesho yake Constance akapika, akala nyumbani, mlango ukiwa wazi. Chakula kilikaa tumboni mwake. Alikisikia kikikaa, akalia kwa hasira, kwa sababu alijua ni nani asiyekisikia. Siku iliyofuata, kabla hajawasha moto, polisi walikuja kumchukua. Lilikuwa kosa jipya: kumnyima chakula mfungwa wa serikali. Hakimu alilitamka bila kusitasita, akampa miezi. Albertine hakuruhusiwa kuingia gerezani na mama yake. Gereza ni la waliohukumiwa, walisema, na mtoto hakuwa amehukumiwa.

Siku hiyohiyo adhuhuri Laurentine alipanga mstari, mtoto wa dada yake mgongoni, sufuria kichwani.

"Onja," alisema Bwalya, bila kumtazama.

Laurentine akakaa chini. Alimega tonge kwa Donat, akamega jingine kwa dada yake, akaendelea hivyo hadi sufuria ikaisha. Halafu akasimama taratibu, akajifunga mtoto vizuri, akashika njia ya Kamalondo na njaa yake.

Ndani, upande wa wanawake, Constance alishiba. Haukupita muda matiti yakajaa, yakawa magumu, maziwa yakalowesha nguo ya gereza. Ng'ambo ya ukuta alimsikia Albertine akilia, sauti ikienda mbali kuelekea nyumbani. Matiti yalimuuma sana. Akainama, akayakamua maziwa chini kwenye vumbi.