Rafu Niliyoishusha

Babu yangu alikuwa seremala, na baba yangu vilevile. Milango waliyoipachika ingali inafunga bila kukwaruza, wala hakuna aliyewahi kuwarudishia kazi. Kwao nilirithi randa, futi na jina jema.

Mwaka juzi mke wangu alisema hafikii tena rafu ya sufuria. Niliing'oa, nikaipachika inchi mbili chini. Akanishukuru, nami nikajiona mume.

Juma lililopita alikuja mjukuu wetu, ambaye ni muuguzi. Kwenye mwimo wa mlango wetu zipo alama za penseli za urefu wa kila mmoja nyumbani.

"Bibi, simama hapa. Hii ndiyo alama yako ya ubibi harusi."

"Nipime, lakini mimi si mbao!"

Akasimama wima kwenye mwimo. Alama ilikuwa juu ya kichwa chake kwa inchi mbili.

"Sakafu imetitia," nilisema, nikaleta pimamaji. Kiputo kikatulia katikati.

"Babu, sakafu ni nzima. Bibi ndiye amefupika. Mgongo unakuuma, bibi?"

"Tangu mwaka juzi. Si uzee tu?"

"Hedhi ikikoma, mifupa ya mwanamke huanza kupungua nguvu. Pingili za mgongo zinaweza kubonyea hata bila mtu kuanguka. Mbona hukusema?"

"Nilisema sifikii rafu. Babu yako akaishusha."

Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake, katika ngazi za hospitali, nilimshika kiwiko kila hatua.

"Fundi, niachie! Mimi si yai."

Sikumwachia. Daktari alituonyesha picha: pingili mbili zimebonyea. Nyonga bado nzima, lakini mfupa wake umepungua sana. Akianguka, huenda asitembee tena. Akampa dawa, akamwagiza atembee kila siku, ale vizuri, asiinue ndoo.

Nimepachika vishikio bafuni, nikaondoa mkeka uliokuwa ukiteleza. Hata hivyo, sufuria ikidondoka jikoni, moyo wangu hutangulia kabla ya miguu.

"Ni mfuniko tu, mzee!" huniitia. Nami huenda kuangalia.

Basi sikieni, wanangu na wajukuu. Msiuite kila uchungu uzee, kama tulivyofanya sisi. Mama zenu wakifikia umri wa kukoma hedhi, wapelekeni wakapimwe mifupa. Na mwanamke akiwaambia hafikii rafu, mpimeni yeye kwanza, msiguse rafu. Sitasema mara mbili.