Uji Uliopulizwa

Kila asubuhi saa moja Philomène alimpikia mama mkwe wake uji wa mahindi, akaketi kando ya kitanda, akachota kijiko, akakipuliza mara tatu ndipo akamlisha. Kazi hiyo hakumwachia mtu, na hasa hakumwachia Angèle, mke wa shemeji yake, aliyekaa nyumba ya pili katika kiwanja hicho hicho cha Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, na kufuga nguruwe sita nyuma ya choo. Miaka kumi na mitatu ya kupuliza, na bado kila Jumapili bibi kizee aliuliza kwanza kama Angèle amepika. Wivu ulimkaa Philomène kooni kama mwiba wa samaki wa ziwa Tshangalele, haumezeki wala hautemeki.

Mwezi wa sita, baridi ilipoingia, kikohozi cha watu wa Kikula kilianza kutoka na rangi. Mtu akikohoa, vumbi laini lilimtoka kinywani, kijani kile cha mawe ya shaba, likatua popote pumzi ilipofika: mezani, kikombeni, kiganjani. Hakuna aliyeshangaa. Likasi imeona vumbi la kila rangi, na wanawake walilalamika tu kwamba hili linachafua vitambaa vya meza.

Muuguzi Rémy alipita nyumba kwa nyumba na ndoo yenye bomba.

“Banaiitaka mafua ya nguruwe,” alisema, “lakini sasa inatoka mu muntu, inaingia mu muntu. Nguruwe ya Mama Angèle haina kitu. Munawe maboko na sabuni. Ukikohoa, kohoa mu kiwiko. Mwenye iko na homa abaki peke yake, asikaribie bazee.”

Angèle akaweka ndoo mlangoni. Watoto wake wakawa na viraka vya kijani kwenye viwiko vya mashati, na mikono yao safi. Philomène katika maneno yote ya Rémy alibaki na jina tu. Mafua ya nguruwe. Jina hilo lilimtosha.

Siku ya tatu akaanza kukohoa yeye.

“Yaya, unakohoa,” Angèle alimwambia. “Acha minye nimulishe Mamu siku kidogo. Weye pumuzika.”

“Umulishe mafua ya banguruwe yako? Hapana. Minye njo namulishaka.”

Kesho yake alichota kijiko, akapuliza mara tatu, na uji ukafunikwa na kijani. Aliuona vizuri. Mlangoni Angèle alikuwa amesimama na kijiko chake mkononi, akisubiri. Philomène akakoroga mpaka rangi ikapotea, akamlisha mama mkwe wake.

Baada ya siku nne bibi kizee alikuwa akihema kwa shida, midomo imemgeuka kijani. Philomène alivaa kitenge kizuri, akaenda kwa mkubwa wa barabara yao, aliyesimamia nyumba zote za hapo.

“Ni banguruwe ya Angèle,” alisema.

Kwa amri ya mkubwa huyo nguruwe sita walichinjwa kabla ya adhuhuri, shimo likachimbwa. Rémy aliwafungua midomo na pua mbele ya watu wote, na ndani mlikuwa safi, hakuna hata punje ya kijani. Watu wakainama, wakatazama, wakakubali kwamba ni safi, wakaendelea kufukia. Angèle alilia bila sauti. Philomène alijisikia mwepesi kwa muda wa mchana mmoja.

Ijumaa bibi kizee alifariki. Aliita jina moja kabla ya kukata roho, na halikuwa la Philomène.

Husemwa mficha maradhi kilio humuumbua. Cha Kikula hakikumuumbua mtu. Wafiwa walikaa kwenye mkeka, na waombolezaji wakapita mmoja mmoja kuwapa mkono, kama ilivyo desturi. Kijani kikatoka kiganjani mwa Philomène, kikaenda mkono hadi mkono mpaka uani. Wote walikiona. Georges, mumewe, aliona pia kwenye blanketi la mama yake, karibu na kidevu, alama za pumzi tatu zilizofuatana. Akalikunja blanketi.

“Banguruwe imetumalizia mama,” alisema.

“Njo vile,” watu wakajibu.

Angèle alikuja mwisho. Alinawa kwenye ndoo yake, akasimama mbali, akainamisha kichwa bila kumshika mtu mkono. Wanawake wakanong'ona kwamba ana majivuno, anawaona wenzake wachafu.

Philomène aliitazama mikono ile iliyolowa, safi mpaka kwenye kucha. Hata mikono safi alikuwa nayo Angèle. Mwiba wa kooni ukageuka, na hapo ndipo alipoangua kilio, kilio cha wivu mtupu, mpaka akakohoa. Watu wakasema hawajaona mkamwana aliyempenda mama mkwe wake kama huyu, wakajipanga upya kumpa mkono.