Matofali Chini ya Mashine

Mashine ya kufulia ya marehemu mke wangu ilikuwa ikitembea. Simtanii mtu. Ikifika kwenye kukamua nguo ilianza kutetemeka kama mgonjwa wa homa, ikabanduka ukutani, ikajongea huku ikiburuta mpira wake wa maji kama mkia. Wiki iliyopita niliikuta imeuziba mlango wa jikoni. Nikaingia kupitia dirishani, mimi na magoti yangu haya.

Kosa niliwatupia waliotujengea. Hizi nyumba zetu za serikali, huku nje ya mji wa Rustenburg, Afrika Kusini, kila mtu anajua saruji yake ilikwenda wapi, na haikuja kwenye sakafu zetu. Nilisema mkutanoni kwamba sakafu yangu imeinama. Diwani akaniambia nikae. Nilikaa, lakini sikunyamaza.

Jumatatu akaja shemeji yangu Seipati, mdogo wa marehemu, na blanketi lake begani. Akasema jioni mwanawe anakuja na gari kuichukua mashine kabla haijaniua, kwa sababu yeye hana nguvu ya kukaa matanga mara mbili katika nyumba moja. Nikamwambia haitoki. Mke wangu Boitshoko alikuwa na kochi zuri sebuleni, lakini kila akifua alikaa juu ya mashine ile, kikombe cha chai mkononi, miguu ikining'inia, akitikisika mwili mzima mpaka kicheko chake kikatoka vipandevipande. Ndicho kiti nilichobakiwa nacho cha kumwona. Kwenye kochi simwoni.

Hayo ya kiti sikumwambia Seipati. Nilimwambia tu kwamba haitoki.

"Basi itengeneze, shemeji," akasema. "Ikisimama tuli na blanketi langu ndani, naiacha. Ikipiga hatua moja, ni yangu."

Nikaenda kwa jirani fundi kuazima pimamaji, ambayo kipovu chake hukaa katikati pakiwa sawa, ili Seipati aone kwa macho yake jinsi serikali ilivyoniinamishia sakafu. Nikailaza chini, kando ya mashine. Kile kipovu cha ndani kikatulia katikati. Nikaigeuza upande wa pili. Katikati tena. Nikapiga magoti, nikaipigapiga kwa kidole.

"Labda nayo imehongwa," Seipati akasema. Alikuwa ameshavuta kigoda na sahani ya magwinya niliyokuwa nimejiwekea, na maandazi yale alikuwa akiyamaliza bila haraka.

Nikamwambia mtu akiiba kila siku, siku moja atasahau kuiba.

"Andika hivyo hivyo kwenye barua ya kumwomba diwani radhi."

Kisha akainama, akachungulia chini ya mashine, akacheka mpaka akapaliwa na andazi. Akaniuliza yale matofali manne yanafanya nini pale. Nikamkumbusha kwamba ni mama yake mwenyewe aliyesema, siku tulipohamia, kitanda kiinuliwe juu ya matofali ili tokoloshi asitufikie usingizini. Kile kibwengo ni kifupi, hakiwezi kupanda. Nikainua kitanda. Matofali yakabaki, nikainua na mashine.

"Tokoloshi alikuwa anakuja kufua nini, shemeji? Anayo hata suruali?"

Nilikuwa nimeshaona tofali moja limemeguka pembeni, na mguu wa mashine juu yake unacheza kama jino bovu.

Tukaishusha pamoja, yeye akisukuma na kunishauri, mimi nikibeba. Ikakaa sakafuni. Nikaizungusha miguu yake kwa spana, mmoja juu kidogo, mwingine chini, mpaka nikiibonyeza kona hii kona ile isiinuke. Nikakaza nati. Halafu blanketi. Blanketi zito likiwa peke yake hujikusanya upande mmoja na kuiangusha mashine iliyo nzima, na Seipati alilijua hilo vizuri sana. Nikatia mataulo yangu mawili upande wa pili. Akatazama pembeni kama mtu aliyekamatwa.

Ilipoanza kukamua, tuliinama wote kuitazama miguu yake. Ikavuma. Ikavuma zaidi. Juu yake nilikuwa nimekiweka kikombe cha Boitshoko, na hakikusogea.

"Haya, ibaki," Seipati akasema. Akakitazama kikombe muda mrefu. "Na yeye alijua, unajua?"

"Alijua nini?"

"Matofali. Nilimwambia zamani, mwambie mumeo ayatoe. Akasema nyamaza. Akasema mashine ikitulia, atakosa sababu ya kuikalia ili isitembee. Akiikalia wewe unapika ugali mwenyewe na humwiti."

Ni kweli. Siku za kufua nilikuwa napika mimi, huku nikiilaani serikali kwa sauti, na yeye kule juu akinywa chai na kucheka. Nilidhani anamcheka diwani.

Seipati alimpigia mwanawe simu asije, akaenda zake na blanketi bichi. Nikachemsha chai, nikajipandisha juu ya mashine polepole, nikaiwasha na mataulo yangu ndani nionje. Haikunitikisa hata kidogo. Nilikaa pale kama diwani kwenye kiti chake, nikacheka peke yangu, na kicheko kilitoka kizima kizima, si kama chake.

Hata kikombe sijakimaliza, umeme ukakatika. Kwa hilo sina tofali la kutoa.